Chemli ya Bibi na Taa za Pikapu

Jirani yangu anapaka geti lake rangi. Ameanza asubuhi, na harufu ya rangi ya mafuta iliyolainishwa kwa petroli imevuka ukuta ikaingia mpaka jikoni kwangu. Watoto wamelalamika kidogo, wakaendelea na mambo yao. Mimi nimefunga dirisha, nikafunga na mlango, kisha nikakaa kitandani mikono ikinitetemeka. Mtu mzima na akili zangu, mama wa watoto watatu, natetemeshwa na kopo la rangi! Mume wangu anaamini ni mzio, na mimi nimemwacha aamini hivyo miaka yote.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa milimani Ileje, upande wa Ikinga, ambako miezi ya mvua ukungu hushuka alfajiri ukalala barabarani, na mtu anayetembea hatua kumi mbele yako humwoni, unamsikia tu akikohoa. Baba alikuwa na pikapu ya zamani, kuukuu kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka rangi yake ya kwanza. Siku za gulio aliondoka saa kumi na moja alfajiri, amepakia ndizi, viazi na watu, kwenda Mpemba kwenye barabara kuu. Njia ilikuwa ya udongo, kona juu ya kona, upande mmoja mlima na upande mwingine bonde. Baba alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa mizaha, na mimi niliamini kwa moyo wangu wote kwamba hakuna kitu duniani alichokiogopa.

Mwaka huo shangazi Tusa, mdogo wake baba, alikuwa anaolewa. Kwetu harusi ikikaribia hakuna kitu kinachobaki na rangi yake. Nyumba hupakwa chokaa, mawe ya njiani hupakwa chokaa, hata mparachichi hupakwa chokaa mpaka usawa wa kiuno. Pikapu ndiyo ingembeba bibi harusi mpaka kanisani Mpemba, kwa hiyo nayo isingeachwa. Rangi ya bluu ilikuwa imebaki baada ya milango ya kanisa kupakwa, na mama akanikabidhi kopo na brashi.

"Atu, popote unapoona kutu, paka," alisema. "Wakwe wa Tunduma wasije wakasema tumempeleka binti yetu kwenye chuma chakavu."

Nilipokea agizo hilo kama amri kumi za Mungu. Nilipaka milango, nikapaka bampa, na boneti ilipokuwa wazi nikaingia na ndani. Nyuma ya taa ya kulia, kwenye bodi, niliona bolti moja iliyoshika nyaya tatu nyeusi, na pale chini yake kutu ilikuwa imetapakaa. Mtoto mwingine angeipita. Mimi nilichukua spana ya baba, nikaifungua, nikapangusa kwa tambara, nikapaka rangi nzito mara mbili. Hata vile vipete vya chuma kwenye ncha za nyaya nilivipaka, juu na chini, kwa upendo. Kesho yake ilipokauka nilirudisha bolti na kuibana kwa nguvu zangu zote.

Baba aliinama akatazama. "Mama Atu, njoo uone!" aliita. "Huyu mtoto ni fundi. Kaingia mpaka palipojificha." Nilitembea siku nzima kichwa juu.

Jioni ya siku hiyo hiyo nikavunja kioo cha chemli ya bibi.

Bibi, mama yake baba, aliishi kwenye nyumba ndogo pembeni ya yetu, pamoja na binamu yangu Ipyana, aliyenizidi mwaka mmoja. Nilikuwa nacheza na chemli yake, jambo nililokatazwa mara mia, ikaniponyoka. Nilipomsikia bibi anakuja nilitoka mbio kwa mlango wa nyuma. Bibi alipoingia ndani alimkuta Ipyana amesimama juu ya vipande, maskini, ameshika ndoo. Ipyana aliapa kwamba si yeye. Bibi aliniuliza na mimi, nikasema nilimwona Ipyana akiichezea. Nilisema bila hata kupepesa macho. Ipyana alichapwa, akapewa kazi ya kuchota maji peke yake mpaka harusi ipite.

Bibi aliokota vipande akisema taratibu, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka: "Mimi nitakaa gizani, si kitu. Lakini aliyezima taa ya mwenzake, ya kwao nayo itazimika."

Alikuwa akimsema Ipyana. Mimi nilijua anayesemwa ni nani.

Siku mbili baadaye lilikuwa gulio. Baba aliondoka kwenye ukungu kama kawaida, akarudi mchana suruali imejaa matope mpaka magotini. Mama alimuuliza kulikoni. Baba akacheka. "Taa zimenifumbia macho njiani! Nilipofika kona ya kwenye mkuyu zikazimika zote. Nikasimama, abiria wakaimba pambio tatu nne, kukapambazuka, tukaenda zetu. Leo Mungu kasifiwa mapema." Mama naye akacheka, akampa maji ya kunawa. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la mboga, nikaliweka chini kabla halijaniponyoka. Ya kwetu nayo itazimika. Bibi alikuwa amesema, na haikuchukua hata siku tatu.

Baba alianza kuutafuta ugonjwa wa zile taa, na kwa kuwa mtu mmoja hawezi kubonyeza swichi ndani na kutazama taa nje, mimi ndiye niliyewekwa kwenye usukani. Alibadilisha balbu, bado. Alichomoa fyuzi moja moja, akazielekeza juani kuona kama zimeungua, zote zilikuwa nzima. Akamwagia maji ya moto vichwa vya betri, akavisugua vikang'aa. Bado.

Na ugonjwa wenyewe haukuwa wa kawaida. Kama taa zingekufa tu, labda ningetulia. Lakini zilikuwa na vituko. Baba alisema, "Washa taa kubwa," nikawasha, na taa kubwa zikatoa uwekundu hafifu kama makaa yanayokaribia kuzima, huku vile vitaa vidogo vya pembeni, ambavyo hakuna aliyeviwasha, vikiwaka. Alisema, "Weka indiketa ya kulia," nikaweka, na taa zote za mbele zikaanza kupepesa kwa pamoja, kubwa na ndogo, kushoto na kulia. Zilinikonyeza. Nilizitazama kwenye kioo cha dirisha la nyumba yetu zikinikonyeza, na nikajua zinasema: tunakujua.

"Hii sasa ni kali," baba alisema, akikuna kichwa. "Unaamuru hii, inaitika ile."

"Labda pana kitu," mama alisema.

"Kitu gani?"

"Sijui. Kitu."

Usiku sikulala. Niliomba, lakini nilikuwa mjanja hata kwenye sala. Nilimwomba Mungu awashe taa bila kugusia habari ya chemli, kana kwamba Yeye hakuwepo. Gulio lililofuata nilijifanya naumwa tumbo ili baba asiende. Alinipa dawa ya mitishamba chungu kama nini, akaenda. Alikwenda na tochi tu, amemweka mtu mbele kwenye boneti amulike njia. Nilikaa kizingitini mpaka niliposikia mlio wa pikapu inapanda kurudi, saa saba mchana. Nilimkimbilia nikamkumbatia mguu, akashangaa. Siku za mwizi ni arobaini, na mimi nilikuwa nikizihesabu kwa vidole. Sikuogopa tena kuchapwa. Niliogopa kwamba adhabu yangu ingemwangukia baba, bondeni, na kwamba mimi pekee ningejua kwa nini.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, mama akamwita kaka yake. Mjomba Gwakisa alikuwa fundi umeme wa magari Tunduma, anahangaika na malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Alifika saa tisa alasiri kwa bodaboda, begi la vifaa mgongoni, na maneno ya Kibemba cha Zambia mdomoni kwa ajili ya kututambia watu wa milimani.

"Mulishani, mukwai!" alisalimia uwanja mzima.

"Ndaga, baba, karibu," bibi alimjibu kwa Kindali chake, hakubabaika.

"Shemeji, kesho saa kumi na moja tunaondoka na bibi harusi," baba alimwambia. "Ukungu wenyewe unauona. Bila taa siendi, na nisipokwenda harusi hakuna."

Mjomba hakuwa na haraka. Alitoa kifaa chake cha kupimia, balbu ndogo iliyofungwa kwenye waya mrefu wenye ncha kali. Mwisho mmoja aliubana kwenye betri, ncha akaichomeka kwenye soketi ya taa ya kulia. Kibalbu kikawaka vizuri.

"Moto unafika," alisema. "Mnaona? Mmebadilisha balbu bure, fyuzi bure. Moto unafika ila hautoki. Umeme ni mgeni, shemeji. Ukimkaribisha lazima umwonyeshe na mlango wa kutokea. Akikosa mlango atapita dirishani, ndiyo maana mnaona vitaa vya watu wengine vinawaka. Sasa tutafute nani kaufunga mlango."

Nani kaufunga. Watu wote walikuwa uwanjani: mama, shangazi Tusa na nywele zake nusu zimesukwa, bibi kwenye kigoda, Ipyana na ndoo yake ya maji. Mimi nilikuwa kwenye usukani, taa kubwa zimewashwa. Mjomba aliinama nyuma ya taa akiburuta waya mwingine kutoka kwenye betri. Niliona kwamba sasa anafika, na kwamba akinyanyua kichwa atanitazama mimi.

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Ni mimi niliyevunja chemli ya bibi! Siyo Ipyana! Ni mimi!"

Na taa zikawaka.

Ziliwaka zote mbili kwa mpigo, nyeupe, kali, mpaka bibi aliyekuwa mbele ya gari akaziba macho kwa kanga. Vitaa vidogo vya pembeni vikatulia. Nililia kwa sauti, kwa furaha na hofu pamoja, maana sikuwahi kufikiri kwamba Mungu hujibu haraka hivyo, mchana kweupe, mbele za watu.

"Kha!" mjomba alisema, mkono wake bado umeushikilia ule waya. "Huyu ana nini?"

Ilichukua muda kueleweka. Mama alinishusha, nikasimulia yote nikikwama kwa kwikwi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nimwombe radhi Ipyana pale pale. Nikaomba. Ipyana aliweka ndoo chini mbele yangu. "Mpaka Krismasi," alisema. Watu wakacheka. Baba alinishika bega, akaniambia maneno ninayoyakumbuka moja moja: "Mwanangu, katika nyumba hii hatufichani. Jambo baya likisemwa mapema halikui."

Nilijisikia mwepesi. Nadhani sijawahi kuwa mwepesi namna ile tena.

Mjomba, ambaye habari za chemli hazikumhusu, alikuwa ameshachukua spana. Alipouondoa waya wake taa zilififia tena, akaugusisha tena zikawaka, na nikaanza kuona kwamba zinamtii yeye, siyo mimi. "Mlango ni huu hapa," alisema. Akaifungua ile bolti yenye nyaya tatu nyeusi. Akakwangua kwa kisu. Rangi ya bluu ikatoka kwa maganda.

"Waya huu unatakiwa uume chuma kwa chuma," alieleza. "Na fundi wenu wa zamani kazileta nyaya za taa zote hapa pamoja, pakifa hapa zimekufa zote. Sasa mtu kaja kapaka rangi! Juu, chini, mpaka kwenye pete. Gari likiruka shimo hata ule mguso kidogo unapotea, giza. Aliyepaka hapa mchinjieni kuku, maana alitaka kuwamaliza." Akacheka peke yake.

Mama alinitazama, kisha akatazama chini. "Nilimwagiza mimi," alisema polepole. "Nilisema popote penye kutu."

Hapo ndipo hofu ya kweli iliponishika. Ile ya kwanza ilikuwa na jina na dawa yake, ungetubu, ingekwisha. Hii haikuwa na dhambi ya kutubu. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri, nikasifiwa, na ile kazi nzuri ndiyo iliyozima taa kwenye ukungu.

Baba aligeuka akaenda nyuma ya nyumba. Nilidhani amekwenda kukata fimbo, na niliona ni haki yangu, nikamfuata niimalize. Nilimkuta amekaa kwenye rundo la kuni, mikono ameibana katikati ya magoti. Alipojaribu kuitoa nikaona inatetemeka. Hakuwa amekata fimbo yoyote.

"Njoo ukae," alisema. Nikakaa. Alitazama migombani, siyo kwangu.

"Siku ile kwenye kona sikusimama. Nilisimamishwa. Taa zilipozimika nilikanyaga breki, gari likateleza, likatulia. Nikafungua mlango nishuke, nikanyoosha mguu, sikukuta ardhi. Tairi la mbele lilikuwa hewani, Atu." Aliibana tena mikono magotini. "Nyuma kulikuwa na watu kumi na moja. Wakaanza kuuliza, vipi, tushuke? Nikajua wakishuka nyuma patakuwa pepesi, na sisi wa mbele tunakwenda. Nikawaambia gari limechemka kidogo, msishuke, imbeni. Wakaimba. Nikaweka rivasi, nikarudi nyuma kidole kwa kidole huku wanaimba na kupiga makofi. Mpaka leo hawajui."

Nilikuwa natazama ile mikono.

"Sikwambii ili ulie. Nimebeba peke yangu wiki mbili na imenishinda. Umefanya ulichoagizwa, na mimi mwenyewe nilikusifu." Kisha akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Lakini usimwambie mama yako. Akijua, hatanifungulia geti tena, na sisi tunakula kwa gari hili. Umenisikia? Usimwambie."

Nusu saa haikuwa imepita tangu aniambie kwamba katika nyumba ile hatufichani. Nilisema, "Ndiyo, baba." Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Nilikuwa na miaka tisa na tayari nilikuwa kata. Mama amefariki bila kujua, na baba alimfuata mwaka jana, ndiyo maana leo naweza kuandika.

Mjomba alikwangua chuma kikang'aa, akakipaka grisi, akabana bolti mwenyewe. Alfajiri ya harusi ukungu ulikuwa mzito kuliko nilivyowahi kuuona. Shangazi alikaa mbele upande wa dirisha na shela lake, mama akakaa katikati, mimi mapajani kwake. Nyuma walijaa kwaya na ndugu. Taa zilitoboa ukungu vizuri, mbele yetu barabara ikionekana nyekundu na imelowa. Mama alikuwa mchangamfu, akimtania shangazi kwamba aanze kulia sasa kabla wanja haujapakwa.

Baba alipunguza mwendo, akaingia gia ya kwanza. Sikuhitaji kuambiwa tumefika wapi. Upande wa kulia, nje ya dirisha la baba, barabara ilikuwa imeishia kwenye ukungu mtupu, hakuna nyasi wala jiwe. Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, na jasho lilikuwa linamtoka kipajini, likashuka mpaka kwenye kola.

"Baba Atu," mama alisema, "mbona unatoka jasho na baridi yote hii?"

"Ni hii tai uliyonifunga," baba alijibu. "Unataka kuninyonga kabla sijala pilau."

Mama alicheka. Shangazi akacheka chini ya shela lake. Na mimi, pale mapajani, nilicheka kwa sauti kuliko wote wawili, nimeushika mkono wa mama kwa nguvu, nikiomba asiniangalie usoni.